Mume wangu ana milioni 4 benki, mimi nakopa kausha damu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, naishi Morogoro mjini. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Mimi nina duka la vyakula, si kubwa, lakini ndilo linalotulisha mshahara wa mwalimu ukishakata, na unakata mapema. Huu ni mwaka wa 11 wa ndoa yetu. Hajawahi kuninyanyulia mkono, hajawahi kulala nje, na watoto wakisikia mlio wa baiskeli yake wanakimbilia mlangoni. Nayasema haya mapema ili usinijibu kwamba nimeolewa na mtu mbaya. Shida yangu ni kwamba mume wangu akishika hela, mkono unafunga na haufunguki tena.

Ukimpa noti ya elfu kumi, anaikunja mara mbili, halafu mara mbili tena, anaitia mfuko wa shati, kisha kila baada ya muda anaugusa mfuko kuona kama bado ipo. Sokoni tunazunguka meza tano kwa tofauti ya shilingi 200 ya fungu la nyanya. Jioni anakaa chini ya taa na daftari lake: nyanya, chumvi, dagaa, bodaboda. Hesabu isipotimia hakulaliki. Kuna siku ilipungua 200. Tulitafuta mpaka ikaonekana kwa mwanetu wa miaka saba, alikuwa amenunua peremende. Baba yake hakumpiga. Alimuuliza tu, kwa sauti ya chini, "Unajua mia mbili ni nini?" Mtoto akalia usiku ule kana kwamba ameiba benki. Mimi nilimeza mate tu.

Mimi nimekulia Dar es Salaam, baba yangu alikuwa na duka la jumla Kariakoo. Kwetu hela ilikuwa ikiingia na mteja huyu inatoka na yule, na baba alikuwa akisema hela ikilala inaumwa. Tulichangia harusi, misiba, hitima, na zamu yetu ilipofika watu walijaa uani. Kwangu mimi elfu kumi ni hela ya kununulia kitu. Kwa mume wangu ni mgeni wa heshima asiyetakiwa kuondoka.

Yeye kwao ni Kilosa, upande wa Kimamba. Baba yake alikuwa mkata mkonge, na baadaye alipata shamba lake mwenyewe. Mzee alifariki, ndugu wakakubaliana kuuza shamba, mama akapata fungu lake na kila mtoto lake. Fungu la mume wangu lilikuwa 4,200,000. Akaiweka benki na tangu siku hiyo haiguswi. Nikimwambia tuongeze mzigo dukani, ananijibu, "Hela ya shamba la mzee haiendi kwenye sukari." Nikamwomba laki mbili tu tuezeke banda la nyuma. Akanyamaza siku mbili.

Nikadhani labda ni malezi tu. Mwanzoni mwa 2025, Benki Kuu ilipokuwa ikiondoa noti za zamani, mama mkwe alitoa kopo la mafuta ya kupaka alilokuwa amelichimbia chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na noti za zamani, jumla 86,000, nyingine zimenata. Mume wangu alimpeleka benki kuzibadilisha. Walivyorudi mama alikaa kwenye mkeka na zile noti mpya mkononi akasema, "Hizi zilikuwa za ng'ombe." Kwa zile mpya hatukufikisha hata gunia la mchele. Nikajua mume wangu katoka wapi. Lakini kujua hakujanisaidia kuishi naye.

La mwisho, Shangazi, na hili mume wangu halijui. Nilikopa kausha damu. Milioni moja, marejesho 44,000 kila siku kwa siku 30. Laki nne zilienda kwenye harusi ya mdogo wangu, mchango na sare, zilizobaki nikaongeza mzigo. Nilipomaliza nikakopa tena ili niendelee, na sasa niko mzunguko wa tatu, siku ya 13. Yeye anaamini ni marejesho ya kikoba. Karatasi ya mkopo ipo dukani nyuma ya boksi la sabuni. Duka linauza laki tatu kwa siku, sielewi kwa nini 44,000 inanishinda, ila rafu zimeanza kuonyesha mbao.

Je, mume wangu ni bahili au ana tatizo? Na nifanyeje akubali kuitoa ile hela ituokoe?

Mama wa duka, Morogoro

—

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Ulivyoipanga tu imeniambia mengi. Mia mbili ya nyanya umeipa nafasi kubwa, mia mbili ya peremende umeieleza mpaka nikaona machozi ya mtoto. Deni linalokula duka lako umeliweka mwishoni, kwa mistari michache, kama mtu anayetoa kitu mfukoni huku ameangalia pembeni. Kwa hiyo macho yanayoiona hela vibaya nyumbani kwenu si ya mume peke yake. Yako nayo yanaona vibaya, ila kwa upande mwingine.

Nianze na yake, maana ndiyo uliyoniuliza.

Mwaka 1947 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Jerome Bruner na Cecile Goodman, waliwaita watoto wa miaka kumi wakawapa kazi rahisi. Kulikuwa na kisanduku chenye duara la mwanga na kitufe cha kuzungusha. Mtoto alitakiwa aukuze au aupunguze ule mwanga mpaka ulingane na sarafu aliyoonyeshwa. Wapo waliotoka nyumba zenye nafasi, wapo waliotoka mitaa ya maskini. Kwa wastani, watoto wa pande zote mbili walizikuza sarafu kupita ukubwa wake, lakini watoto wa maskini walizikuza zaidi. Sarafu ileile, macho mazima, chumba kimoja, na bado kwa mmoja ilikuwa kubwa kuliko kwa mwenzake. Miaka miwili baadaye watafiti wengine walilirudia jaribio hilo. Sarafu ilipokuwa mbele ya watoto, tofauti baina ya matajiri na maskini haikuonekana. Ilijitokeza walipoambiwa wapime kwa kukumbuka tu.

Hapo kwenye kukumbuka ndipo alipo mume wako. Noti anayoikunja mara nne si hii aliyopokea juzi kwenye mshahara. Anakunja ile ya Kimamba.

Wewe umesema baba yake alikuwa mkata mkonge ukapita. Mimi nimesimama hapo. Nchi hii iliwahi kuongoza dunia kwa mkonge. Mwaka 1964 tulizalisha karibu tani 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa na mengi yakadorora, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikuwa zinafika hata tani 30,000. Kama mume wako umri wake ni karibu na wako au kakuzidi kidogo, basi miaka aliyokuwa shule ya msingi ndiyo miaka ambayo mashamba yale yalikuwa yanageuka pori na mshahara wa baba unakuja leo, kesho haupo. Na ada ya shule ya msingi ilikuwa bado ipo, ilifutwa 2001. Mtoto wa mkata mkonge wa wakati ule alikuwa anajua kurudishwa nyumbani kufuata ada. Anasimamishwa na wenzake watatu wanne mbele ya darasa, wanatajwa majina, wanatoka na madaftari kwapani saa tatu asubuhi. Anafika nyumbani, mama anafungua pindo la kanga, fundo moja, anahesabu kilichomo, anafunga tena bila kusema neno.

Sijui kama hilo lilimpata mume wako hasa. Lakini alipomuuliza mwanenu "Unajua mia mbili ni nini?" mimi nilisikia mtu anayeuliza kwa kweli. Alitaka kujua kama mtoto anajua. Yeye anajua.

Kwa hiyo umeniuliza kama ni bahili. Bahili, mtu wa mkono wa birika, anamnyima mwenzake huku yeye akila. Huyu anajinyima na yeye. Anaenda kazini kwa baiskeli, na hata ile milioni nne hajaigusa kwa shati lake mwenyewe. Mimi namwita mtu mwenye hofu ya zamani ambayo haijapata taarifa kwamba mambo yamebadilika. Hofu ya namna hiyo huiondoi kwa kumwita majina. Wala huiondoi kwa kumwambia "pesa ni makaratasi tu", neno ambalo kwake ni kama tusi kwa mama yake na kopo lake.

Sasa njoo kwako, na hapa nitasema kwa sauti ya mama.

Umeandika kwamba duka linauza laki tatu kwa siku, na huelewi kwa nini 44,000 inakushinda. Mwanangu, ile laki tatu si yako. Ni hela ya mwenye sukari, mwenye mchele, mwenye mafuta ya kula, imepita tu mkononi mwako ikielekea kwao. Unajua mwenyewe unapata shilingi ngapi kwenye kilo ya sukari. Tuseme siku nzuri unabaki na faida ya 30,000. Ukitoa marejesho ya 44,000, unapungukiwa 14,000, na hiyo 14,000 unaichota kwenye mtaji bila kuiona. Kwa siku 30 ni 420,000. Hapo hujala, hujampa mtoto nauli, hujalipa umeme. Ndiyo maana rafu zinaonyesha mbao, na ndiyo maana kila ukimaliza mzunguko unalazimika kuingia mwingine. Unakopa ili kuziba shimo ambalo mkopo wenyewe ndio unalichimba.

Na riba? Siku 30 kwa 44,000 ni 1,320,000. Yaani kila mzunguko unawapa 320,000 juu ya milioni yao. Ukimaliza huu wa tatu utakuwa umewapa 960,000. Hebu iweke hiyo pembeni ya 4,200,000 ya mzee. Ni karibu robo. Mume wako analilinda shamba la baba yake benki usiku na mchana, na kumbe robo ya shamba limeshaondoka kwa mlango wa dukani, 44,000 kwa 44,000, na hakuna aliyeliona likipita.

Wewe umekulia Kariakoo, mahali hela inapopita kwa wingi mpaka mtu anazoea kishindo chake. Mtoto wa duka la jumla anamwona baba akishika mabunda. Hamwoni usiku akitenganisha ya mwenye mzigo na ya kwake. Nina hakika baba yako alitenganisha, la sivyo lile duka lisingekulea. Ulichobeba kutoka kwake ni ule msemo wa hela ikilala inaumwa, lakini daftari lake hukulibeba. Anayekaa chini ya taa na daftari nyumbani kwako ni huyo unayemlalamikia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo mume wako anakuzidi.

Hata mimi macho yaliwahi kunidanganya, tena ukubwani. Nilisafiri kwenda Nairobi kwa basi, nikabadilisha hela Namanga. Nilikuwa na 100,000, nikapewa kama elfu tano hivi za Kenya, maana shilingi yao moja ni takriban 20 zetu. Zile noti chache ziliniogopesha, siku ya kwanza nikala chapati na chai tu. Siku ya pili nikaanza kuona bei: mia tatu, mia tano, mia nane. Mia nane kwangu ni hela ya kutupa. Nikanunua, nikanunua tena, na jioni nilipozidisha kwa 20 nikakaa kitandani. Thamani ilikuwa ileile muda wote. Mimi ndiye nilikuwa nahesabu sifuri. Na wewe ulipolipa mchango wa harusi kwa simu, namba ya siri mara moja, ujumbe ukaingia, sidhani kama uliona laki nne zikiondoka. Ungezihesabu mkononi, noti nyekundu 40 moja baada ya nyingine, huenda kufika ya 20 ungesema, mdogo wangu atanisamehe.

Sikulaumu kwa kuchangia. Kutochangiana ni upweke, na uzeeni upweke una gharama yake. Nakulaumu kwa kuchangia kwa damu.

Turudi kwenye hela ya shamba, maana hapa naona ulikuwa unagonga mlango usio wenyewe.

Unaiona ile 4,200,000 kama hela. Yeye anaiona kama baba. Usidhani ni ajabu ya mume wako peke yake. Wajaluo, kule Kenya kando ya ziwa, wana jina la hela za namna hii: pesa makech, hela chungu. Hela iliyotokana na kuuza ardhi ya ukoo, au dhahabu, au tumbaku, hata ya kuuza jogoo wa boma, ina uchungu ndani yake. Haiingizwi kwenye mahari wala kununua ng'ombe, kwa imani kwamba ng'ombe watakufa na nyumba itapata balaa, mpaka isafishwe kwa taratibu za kimila. Ukiiweka sokoni inanunua sukari sawa na noti yoyote. Ila wenyewe hawaichanganyi. Sisi huku hatuna neno moja kama hilo, lakini tunayo matendo. Ni nani kwetu anayetumia rambirambi kununulia televisheni? Hela ya ada hatuli, hela ya sadaka hatukopeshi. Kila hela ina jina, na jina ndilo linalosema iende wapi.

Mume wako ameipa ile hela jina la marehemu. Wewe kila ukimwendea unamwomba aivue jina: iwe sukari, iwe bati la banda la nyuma. Ndiyo maana akanyamaza siku mbili. Sasa wewe ungeuza kanga za marehemu mama yako uongezee mzigo wa sabuni? Pengine ungeuza, siku ya njaa. Lakini usingependa mtu akuombe huku amesimama mlangoni na kikokotoo.

Ila nami sitakuficha kosa lake. Kopo la mama yake lilikuwa somo, na amelisoma nusu. Mama aliilinda hela kwa moyo wote, isiguswe na mtu, na haikuguswa. Iliyoguswa ni thamani yake. Miaka ilipita juu ya lile kopo na ng'ombe akapungua ndani yake kiungo baada ya kiungo, mpaka akabaki kitu kisichofikia gunia la mchele. Akiba ya benki ni afadhali kuliko kopo, lakini hela ya shamba iliyolala tu, isirudi kuwa shamba wala kiwanja wala kitu chochote, inafuata njia ileile polepole. Kama anataka kweli kumlinda mzee, mzee hakumwachia makaratasi. Alimwachia ardhi.

Basi fanya hivi.

Kwanza, mwambie kuhusu mkopo. Najua ulitegemea nikuonyeshe njia ya kuipata ile hela bila hilo. Haipo. Ukimwomba hela ya baba yake huku umemficha deni, siku atakapoligundua, na atagundua kwa sababu yule ni mtu wa kutafuta mia mbili usiku kucha, atajua kwamba ulimwombea shamba la marehemu kwa uongo. Hapo ndoa ya miaka 11 itakuwa na jeraha ambalo hakuna daftari litalofuta. Chagua jioni ambayo watoto wamelala. Usianze na "wewe nawe umezidi". Anza na swali ambalo naamini hujawahi kumuuliza: siku ya kwanza anayoikumbuka kuhusu hela ilikuwa siku gani? Akikuuliza kwa nini unauliza, mwambie unataka kujua. Kisha unyamaze. Akisema, usimkatize kwa habari za Kariakoo. Yako utaisema baada ya yake kwisha.

Ndipo uitoe karatasi. Sema kiasi, sema mzunguko wa ngapi, sema na za harusi. Sema zote kwa mara moja, maana deni linalotajwa kwa mafungu linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Atanyamaza. Siku mbili, pengine nne. Huo unyamavu wake uvumilie safari hii, ni haki yake.

Akirudi kusema, usimwambie "toa hela tuokoke". Mwombe aikopeshe nyumba. Siku ya leo zimebaki siku 17, ambazo ni 748,000. Mwambie hivi: hela ya shamba ibaki hela ya shamba, jina lake lisibadilike. Itoe 748,000 kama mkopo, iandikwe kwenye daftari lako wewe mwenyewe, na mimi nitairudisha kwa 22,000 kila siku, nusu ya ninayolipa sasa, mpaka siku ya 34 itakapotimia yote. Hapo umemheshimu baba yake, umemheshimu na yeye, na daftari lile ulilolichukia litafanya kazi ya kukuokoa. Kwa 22,000 faida yako ya siku inabaki na kitu cha kula, na mtaji unaacha kumeguka. Itakuwa kwa tabu. Michango isimame kwa siku hizo 34, na uwaambie ndugu ukweli kwamba mwezi huu huna.

Siku hizo zikiisha, tafuteni kiwanja au eka mbili tatu, hata kama ni mbali kidogo, na hela ya mzee irudi ardhini. Nadhani mkono wake utafunguka hapo kuliko mahali pengine popote.

Kabla ya kwenda kulipa, soma ule mkataba. Kama hukupewa nakala, dai. Ulizia kama wana leseni, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 wakopeshaji wa namna hii wanatakiwa kuwa na leseni na wanasimamiwa na Benki Kuu. Uliza kama ukimaliza mapema kuna punguzo. Huenda wakakataa, na wakikataa lipa tu uondoke. Uokovu wako uko kwenye mzunguko wa nne usioingia. Lipia mahali unapopewa risiti, na ukae nayo. Watakupigia simu kukuambia umeshakuwa mteja mzuri, sasa unaweza kupewa milioni na nusu. Usipokee ukiwa peke yako dukani siku mauzo yako chini.

Na yule mtoto. Huyu amenikaa moyoni kuliko nyote wawili. Ana miaka saba na ameshajifunza kwamba mia mbili inaweza kumfanya baba aseme kwa sauti ile. Ukiacha hivi, naye atakuja kukunja noti mara nne bila kujua anamkunjia nani, au atakuja kuitupa hela kama inamuunguza, ili tu asifanane na baba. Mwombe mume wako, siku mkishapatana, ampe mtoto mia mbili yake ya kila Jumamosi. Isiulizwe, isiandikwe. Anunue peremende ale, au aiweke, aione ikipungua na kuongezeka mkononi mwake mwenyewe. Na baba amsimulie habari za Kimamba, kwa maneno, jioni, akiwa amempakata. Hadithi hiyo mtoto ataibeba vizuri zaidi akisimuliwa kuliko akiisikia kwenye hasira ya hesabu isiyotimia.

Leo jioni ukifunga duka, sogeza lile boksi la sabuni, uende na karatasi nyumbani.

Shangazi